Mazungumzo ya Karani: Njia Isiyo na Motokaa



Juma hili nataka tuzungumze juu ya barabara. Si barabara yetu ya kwenda gulioni, ambayo kila mtu ayajua mashimo yake, bali barabara moja ya mbali sana, katika jimbo la Ohio, nchi ya Marekani. Ni njia ya lami, na urefu wake wapita maili 70. Lakini ukisimama kando yake tangu asubuhi hata jioni hutaona lori, wala basi, wala motokaa, wala pikipiki ikienda juu yake, isipokuwa pale tu inapokatana na barabara nyingine. Utaona watu waendao kwa miguu, watu wa baiskeli, akina mama wanaosukuma watoto wachanga katika vigari, watu wasioweza kutembea wakiwa katika viti vyao vya magurudumu, na vijana waliovaa viatu vyenye magurudumu chini ya nyayo, wakiteleza kama mtumbwi juu ya maji.

Najua mtaniuliza: "Bwana Karani, barabara ya lami isiyopita gari ina faida gani? Sisi hata ile ya kupita gari hatuna." Swali hilo ni la haki, nami sitalikimbia. Lakini kwanza sikilizeni habari yenyewe.

NJIA YA MIZIGO

Njia hiyo yafuata bonde la mto uitwao Little Miami. Yaanzia karibu na mji mkubwa wa Cincinnati na kwenda kaskazini mpaka Springfield. Hapo zamani haikuwa njia ya kutembea, ilikuwa reli. Kampuni ya reli ilipata ruhusa ya serikali mwaka 1836. Mwaka 1841 treni ikafika mji mdogo wa Milford, na mwaka 1846 ikafika Springfield. Wakulima wa bonde wakapata njia ya kupeleka mazao yao mjini. Mwezi wa Februari mwaka 1861, Abraham Lincoln alipokuwa akisafiri kwenda Washington kuapishwa kuwa Rais, naye alipita kwa reli hiyo.

Haikubeba nafaka peke yake. Mahali paitwapo Kings Mills palikuwa na viwanda vya baruti na risasi, na mizigo yao ilisafirishwa kwa treni. Mwaka 1890 mabehewa yaligongana hapo, baruti ikalipuka, na watu wakafa. Hata leo, apitaye kwa baiskeli aliona jengo la kiwanda cha zamani cha risasi limesimama karibu na njia. Watoto wapita chini yake na baba zao, nao hawajui kwamba ardhi ile iliwahi kutetemeka.

Basi, kila kitu kina wakati wake. Malori na motokaa yaliponyang'anya treni kazi yake, reli nyingi za Marekani zilibaki bila faida. Katika miaka ya 1970 treni ziliacha kupita sehemu kubwa ya njia hiyo. Vyuma vikang'olewa, majani yakaanza kuota. Ardhi ndefu na nyembamba kama utepe ikabaki, na watu wakaulizana: tuifanyie nini? Tuigawe vipande vipande kwa wenye mashamba? Tuiache iwe pori na jalala?

BARUA YA BIBI MMOJA

Jibu lilikuwa limekwisha anza kutolewa mahali pengine. Mwaka 1963, bibi mmoja aitwaye May Theilgaard Watts, mwalimu wa mambo ya mimea na viumbe karibu na mji wa Chicago, aliandika barua kwa mhariri wa gazeti la Chicago Tribune. Huko kwao palikuwa na reli iliyokufa. Alishauri ardhi yake isigawanywe, ila ifanywe njia ya watu wa miguu na wa baiskeli. Barua hiyo ilisomwa, watu wakaungana, na njia ikapatikana. Yaitwa Illinois Prairie Path hata leo. Mwaka 1967 jimbo la Wisconsin likafungua njia nyingine ya namna hiyo kutoka Elroy mpaka Sparta, maili 32, yenye kupita ndani ya milima kwa mashimo matatu ya treni ya zamani. Mwaka 1983 Bunge la Marekani likaweka sheria ya kuwezesha ardhi za reli zilizoachwa zitunzwe kwa kazi hiyo, ili siku moja zikihitajiwa tena kwa treni ziwepo.

Mwaona, ndugu zangu, gazeti si la kufungia vitumbua tu. Barua ya msomaji mmoja yaweza kufika mbali.

Jimbo la Ohio nalo likainunua sehemu kubwa ya ardhi ya reli ya Little Miami, likaanza kutandika lami kipande kwa kipande. Miji midogo iliyozaliwa na treni, kisha ikaanza kusinzia treni zilipokoma, ikaamka tena. Katika mji wa Loveland, pale palipokuwa na kelele za mabehewa, sasa watu wakodisha baiskeli na kununua chakula kabla ya kushika safari.

Bonde hilo lina sifa nyingine pia. Kwa muda wa miaka mingi watu wamelikimbilia kutafuta utulivu. Huko Milford, kando ya mto huohuo, Mapadri Wajesuiti walifungua nyumba ya unovisi mwaka 1925, na mahali hapo pakawa pa mafungo ya kiroho kwa watu wa kawaida. Huko Loveland, maili chache kutoka hapo, wanawake wa chama cha Grail walianza makao shambani mwaka 1944, wakayaita Grailville. Chama hicho kilizaliwa Uholanzi mwaka 1921, na huenda wasomaji wa Uganda na Tanzania wakalijua jina lake, maana wanachama wake walifika kufanya kazi katika nchi hizo pia. Basi njia ya baiskeli na nyumba za mafungo zimekuwa majirani. Mmoja amekwenda kunyamaza na kusali. Mwingine amekwenda kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Wote wawili wamekuja kuweka chini mizigo yao.

KWA NINI INAFAA

Sasa tuseme kidogo kama mwalimu darasani. Kwa nini njia ya reli yafaa sana kwa baiskeli? Sababu ni kwamba gurudumu la treni ni la chuma, nalo lakanyaga chuma. Chuma juu ya chuma chateleza, na kwa hiyo treni haiwezi kupanda mlima mkali. Wajenzi wa reli walilazimika kukata vilima na kujaza mabonde mpaka njia ikawa karibu sawasawa kabisa. Kazi ile ya majembe na baruti, iliyofanywa kwa ajili ya treni, leo yamsaidia mzee wa miaka 70 aendeshe baiskeli bila kuhema, na mtoto wa miaka sita asiogope mteremko.

Na wale wa viatu vya magurudumu wahitaji njia hiyo kuliko wote. Viatu hivyo si vipya. Mwaka 1863 mtu wa New York aitwaye James Plimpton alitengeneza vile vya magurudumu manne, mawili mbele na mawili nyuma, ambavyo mtu aliweza kugeuka navyo kwa kuinamisha mguu. Baadaye, karibu na mwaka 1980, vijana wa Minnesota waliokuwa wakicheza mpira wa magongo juu ya barafu walitafuta namna ya kujizoeza wakati wa joto, barafu ikiwa imeyeyuka. Wakavieneza viatu vyenye magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja, gurudumu nyuma ya gurudumu. Hivyo ndivyo vionekanavyo zaidi kwenye njia ya lami.

Lakini gurudumu hilo ni dogo, halizidi sana upana wa kifuniko cha kopo la maziwa. Baiskeli yenye gurudumu kubwa yapita juu ya kijiti bila wewe kujua. Kiatu cha magurudumu kikikutana na kijiti hichohicho chasimama, na mwenye kiatu aendelea mbele peke yake! Tena breki yake ni kipande cha mpira tu nyuma ya kisigino, ambacho hakiwezi kukusimamisha ghafula. Ndiyo maana wavaa kofia ngumu kichwani na vikinga vya viganja, magoti na viwiko. Maana mtu akianguka hutanguliza mikono. Na ndiyo maana wapenda njia tambarare na laini. Mizizi ya miti ikiinua lami, au mvua ikileta mchanga na majani, hapana budi watu waje kutengeneza na kufagia.

MWENYE MBIO NDIYE MWENYE DENI

Haya, sasa twafika kwenye jambo ambalo kwa ajili yake nimeshika kalamu.

Fikirini: upana wa njia kama hiyo ni kama futi 8 mpaka 10 tu. Siku ya mapumziko ipitiwe na babu aendaye polepole na fimbo, mtoto anayejifunza baiskeli na kuyumba huku na huku, kijana wa viatu vya magurudumu anayetupa miguu kushoto na kuume, na bwana mwenye baiskeli nyepesi anayekwenda kama mshale. Pengine na mtu wa farasi yupo kando. Kwa nini hawauani?

Hawauani kwa sababu wana kanuni, nayo ni fupi. Kila mtu ashike upande wake wa kuume. Anayetaka kumpita mwenzake apite kwa kushoto, tena atoe sauti au apige kengele kabla ya kupita. Wa baiskeli awapishe wa miguu. Wote wampishe farasi, kwa kuwa farasi akishtuka hajui sheria. Mbwa afungwe kamba. Anayesimama kupumzika atoke njiani.

Kwa kifupi ni hivi: mwenye mbio ndiye mwenye deni. Aendaye upesi ndiye mwenye wajibu wa kumwangalia aendaye pole. Mwenye nguvu apunguza, mnyonge aendelea na safari yake kwa amani.

Sasa tuangalie barabara zetu. Kwetu kanuni ni nyingine, ingawa haikuandikwa popote. Lori lapiga honi, na pikipiki yaruka kando. Pikipiki yapiga honi, na baiskeli yaingia majanini. Baiskeli yapiga kengele, na mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni ashuka mtaroni. Na mama akikutana na mtoto wa shule, mtoto ndiye akanyagaye miiba. Kila mmoja amsukuma aliye chini yake, mpaka mzigo wote wamwangukia mdogo kuliko wote. Wazee walisema: Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Sisi twachukua nusu ya methali, ile ya kwanza.

Msiniambie kwamba shauri ni lami. Lami haikumfundisha mtu adabu. Zipo barabara za lami mahali pengi zilizojaa misalaba kandokando.

HESABU YA KENGELE

Chukueni kalamu, watoto wa shule wasaidie. Mtu wa baiskeli akienda maili 12 kwa saa, kila sekunde moja apita futi 17 na zaidi. Mtu wa miguu akienda maili 3 kwa saa, apita futi 4 na zaidi kwa sekunde. Basi baiskeli yamkaribia mtu wa miguu kwa futi 13 hivi kila sekunde.

Ukipiga kengele ukiwa futi 50 nyuma yake, yaani kama hatua 20, atakuwa na karibu sekunde 4. Zatosha kusikia, kugeuka, kumvuta mtoto mkono na kusogea. Lakini ukipiga kengele ukiwa futi 10 nyuma yake, hana hata sekunde moja. Atasikia na kugongwa kwa wakati mmoja. Au ataruka upande ule ule unaopita wewe, maana mtu aliyeshtuka hachagui. Kisha utasema, "Nilipiga kengele!" Ndiyo, uliipiga sikioni mwake.

Kengele ipigwe mapema, mara mbili, polepole, kama mtu abishaye hodi. Anayebisha hodi hangoji mpaka awe katikati ya nyumba. Na kama huna kengele, mdomo unao. "Nipishe, mama, napita kuume kwako," haigharimu hata senti moja. Kwetu tunashika upande wa kushoto barabarani, kwa hiyo kupita ni kwa kuume, kinyume cha Ohio. Na wewe wa miguu, ukiwa kwenye barabara ya motokaa, tembea upande wa kuume ili uyaone magari yanayokuja mbele ya uso wako. Watoto watembee mmoja nyuma ya mwingine, mkubwa akiwa wa mwisho.

JE, NA PUMZIKO?

Sasa narudi kwenye swali lenu: ya nini barabara isiyo na faida?

Kwetu baiskeli ni punda wa nyumba. Yabeba mkaa, ndizi, madumu ya maji, mgonjwa wa kwenda zahanati, na wakati mwingine hata jeneza. Mwanamume akirudi jioni aiegemeza ukutani kama mtu anayetua gunia. Hajapata kupanda baiskeli yake bila mzigo na bila haraka. Kwa hiyo akisikia kwamba mahali fulani watu wapanda baiskeli maili 20 kwenda, kisha warudi pale pale walipoanza, bila kubeba kitu, acheka. Siwalaumu wanaocheka.

Lakini yatazameni mafungo. Mtu aenda siku tatu, halimi, hauzi, hasemi, kisha arudi nyumbani na mikono mitupu. Je, alipoteza siku tatu? Aliyekwenda kwa moyo mwema arudi na kichwa kilichotulia, na mkewe ni wa kwanza kuona tofauti. Mwili nao una mafungo yake. Hata Mungu, baada ya kazi ya siku sita, alipumzika, na hakuchoka. Hatupumziki kwa sababu tumeshindwa kazi, bali kwa sababu sisi si punda.

Basi, ninaloomba si lami wala viatu vya magurudumu. Naomba mambo matatu tuwezayo kuyafanya mwezi huu.

La kwanza, kanuni ile ya mwenye mbio. Mafundi wa baiskeli na vijana wa pikipiki walio katika jumuiya zetu wakubaliane: penye mama mwenye mzigo, mzee, au watoto wa shule, mwenye magurudumu ndiye apunguzaye. Wakiwa kumi tu katika kijiji, watoto watajua tofauti.

La pili, njia ya watoto kwenda shule na kanisani. Mahali pengi ipo njia ya zamani isiyopita gari, lakini imefungwa na majani, au mwenye shamba ameisogelea kidogo kidogo kila mwaka mpaka imekuwa kama uzi. Kuifyeka ni kazi ya asubuhi moja kwa watu ishirini. Ile reli ya Ohio ingegawanywa vipande, isingepatikana tena. Njia ikimezwa na shamba hairudi kwa urahisi. Zungumzeni na mwenye shamba kwa upole, na mwenyekiti wa kijiji awepo.

La tatu, Jumapili baada ya Misa na chakula, baba aivue baiskeli ile kamba ya mizigo. Mama, ambaye kila siku huiona baiskeli ikiondoka, ajifunze kuipanda kama hajui. Wasichana nao wajifunze, si wavulana peke yao. Twashika kiti nyuma, twakimbia nao, twacheka wakianguka majanini. Huo ni mchezo, lakini si mchezo tu. Siku mtoto atakaposhikwa na homa kali usiku na baba hayupo, mama anayejua kupanda baiskeli hatangoja kulipambazuka ili atafute mtu wa kumpeleka zahanati. Nimeandika katika kitabu cha parokia majina ya watoto waliozikwa, na baadhi yao walikawia njiani. Sitasema zaidi ya hapo.

Ni Jumapili ngapi baiskeli yako imekaa ukutani bure, na mkeo yuko jikoni akiitazama?

Jioni ya Jumapili hii, mkiwa mmekaa pamoja, waulizeni watoto: Ni nani alikupisha njiani juma hili? Na wewe ulimpisha nani? Sikilizeni watakavyojibu, nanyi wazazi mjibu pia. Wenye kupenda waniandikie, kwa kalamu na kwa herufi za kusomeka, nami nitazipeleka barua nzuri kwa Bwana Mhariri. Tumeona kwamba barua yaweza kuzaa njia.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuziba mpira wa baiskeli uliotoboka, na namna ya kujua kama gundi uliyouziwa ni nzima au imechanganywa na maji.

Kwaherini, na mwende pole.

Karani wenu wa Parokia